Herufi "a.s." na "r.a." Zisomwe Vipi?

Mtu aliyelelewa Litembo, katika milima ya Wamatengo, amezizoea herufi "Mt." tangu utoto wake. Katika jina la Kanisa Kuu la Mt. Kiliani huko Mbinga huzisoma "Mtakatifu". Akifungua Biblia akakuta "Mt. 5:17", anajua kuwa hiyo ni Injili ya Mathayo. Hapotei, kwa kuwa kinachofuata humwongoza.

Lakini mtu huyo huyo akishika kitabu cha Kiislamu na kuona "Isa a.s.", pengine atadhani ni alama ya daraja, kama O.S.B. inayofuata majina ya mapadre Wabenediktini. Sivyo. Hii ni dua: alaihis-salaam, yaani, amani iwe juu yake. Basi wewe uliyesilimu, wazazi wako wakikuuliza kwa uchungu, "Mwanetu, umemtupa Yesu?", wafungulie ukurasa huo. Sisi hatumwabudu, wala tusiwafiche hilo. Lakini hatumtaji pasipo kumwombea amani. Na ufikapo penye "Mariamu a.s.", soma alaihas-salaam, maana anayeombewa hapo ni mwanamke.

"R.a." zataka uangalifu zaidi. Asili yake ni radhi za Mwenyezi Mungu, nazo huandikwa baada ya majina ya masahaba. Kwa Abu Bakr r.a. soma radhiyallahu anhu. Kwa Bibi Aisha r.a., anha, kwa masahaba wengi pamoja, anhum. Ibn Umar r.a. ni mtu mmoja, lakini desturi ni kusoma anhuma, "wawili hao", kwa kuwa baba yake naye alikuwa sahaba, na dua huwaenea wote wawili. Herufi ni mbili tu, na matamshi ni manne!

"S.a.w." hazina taabu hiyo: ni za Mtume Muhammad, sallallahu alaihi wa sallam. Amri ya kumsalia imo katika Kurani 33:57. Katika tafsiri zisizohesabu Bismillahi kuwa aya, itafute 33:56.

Usomapo mbele ya watu, usitaje herufi moja moja, bali itamke dua yote. Aliyefupisha alitafuta nafasi katika karatasi tu. Na katika barua ya kwenda nyumbani, ambako herufi hizi hazijulikani, andika kwa Kiswahili kamili: "Isa, amani iwe juu yake."