SOMO LA UHASIBU: HASARA YA VITABUNI



Mwajiri akisema, "Tumepata hasara, nyongeza hakuna," tumjibu nini? Jibu limo katika masomo ya mwanzo ya shahada ya uhasibu, ambayo vijana wetu wa Bwizibwera huyafuata mjini Mbarara.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha maziwa. Kwa mwezi kimeuza, kwa fedha taslimu, maziwa ya shilingi milioni 50. Kimelipa wafugaji, mishahara na umeme milioni 46. Zimebaki milioni 4. Kisha mhasibu anaondoa milioni 6 za uchakavu wa mitambo. Vitabu sasa vinaonyesha hasara ya milioni 2.

Lakini mwezi huo hakuna aliyelipwa zile milioni 6. Ni sehemu ya bei ya mitambo iliyonunuliwa zamani. Hii si hila, maana mitambo huchakaa, na siku moja itabidi kununua mingine. Hata hivyo, tuwapo mezani tuulize mambo mawili: hasara imetokana na nini? Fedha taslimu zilizoingia na kutoka ni kiasi gani?

Kila tawi lipate mwanachama anayeweza kusoma vitabu hivyo.

Zoezi: Uchakavu ungekuwa milioni 3, vitabu vingeonyesha nini?