Nikotini Isiyopitia Kwenye Sigara: Somo kwa Parokia Zinazolima Tumbaku



Somo la robo hii linahusu kemikali moja iliyomo ndani ya jani ambalo familia nyingi za Tabora hulipia ada za shule kwa fedha zake. Tukitaja nikotini, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja kwa mvutaji wa sigara. Mvutaji yumo katika somo hili, lakini hatutaanza naye. Tutaanza na mama asiyevuta, ambaye wakati wa mavuno huingia shambani alfajiri majani yakiwa bado na umande, akachuma, akabana mafungu kwapani hadi kwenye bani, na jioni akaanza kutapika, kichwa kikamzunguka na mwili ukakosa nguvu. Nyumbani watasema ni malaria. Mara nyingine ni malaria kweli. Mara nyingine ni nikotini iliyopita kwenye ngozi yake, na hapo dawa ya malaria haitamsaidia kitu.

Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa tumbaku mbichi. Iliandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya kitabibu mwaka 1970, kutokana na wachumaji wa jimbo la Florida, Marekani. Katika jimbo la North Carolina, uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1990 miongoni mwa vibarua wahamiaji ulionyesha kwamba karibu robo yao waliugua angalau mara moja katika msimu mmoja. Mmea ni uleule, na umande wa Urambo hauna tofauti na umande wa North Carolina.

Jani lilivyofika kwetu

Tumbaku ni mmea wa Amerika. Uliletwa Afrika kwa merikebu na kupenya bara kabla ya wazungu wenyewe kufika huku. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, tumbaku ilikuwa tayari inalimwa, inavutwa na kunuswa katika nchi za bara. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, waliijua vizuri.

Wazee wanaochanganya ugoro na magadi wanafanya kemia bila kuiita kemia. Magadi huigeuza nikotini iwe katika hali inayopenya haraka kwenye utando laini wa pua na mdomo. Tukumbuke jambo hilo: nikotini haihitaji moto wala moshi ili iingie mwilini.

Kilimo kikubwa cha biashara kilikuja baadaye. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulishindwa vibaya na kufutwa mwaka 1951. Pale Urambo, katika mashamba yaleyale yaliyofyekwa kwa gharama kubwa, tumbaku ilichukua nafasi ya karanga katika miaka ya 1950. Tangu hapo tumbaku ya mvuke imeenea Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingineko mkoani, na kwa miaka mingi marobota yamesafirishwa hadi Morogoro kusindikwa.

Kitasa na ufunguo

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na seli za neva huwasiliana na seli za misuli, na zenyewe kwa zenyewe, kwa kutumia kemikali. Mjumbe mmoja mkuu anaitwa asetilikolini. Neva inapotaka msuli ukaze, humwaga asetilikolini kidogo. Juu ya seli ya msuli kuna vipokezi, ambavyo tunaweza kuvifananisha na vitasa vya mlango. Kila kipokezi kimetengenezwa kwa vipande 5 vya protini vilivyosimama kuzunguka tundu dogo, kama nguzo za kibanda. Ufunguo ukiingia, tundu hufunguka, chembe za sodiamu huingia ndani ya seli, na seli huamka. Kisha kimeng'enya humvunja mjumbe yule kwa muda mfupi sana, mlango hufungwa, na kazi imekwisha.

Nikotini ni ufunguo wa bandia unaofanana na ule wa asili kiasi cha kufungua kitasa. Jambo hili liligunduliwa kwa msaada wa kuku. Mwaka 1905 John Langley wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba nikotini hukakamaza msuli wa kuku, na kwamba kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, huulegeza tena. Yalitokea hivyo hata pale neva ya msuli ule ilipokuwa imekatwa na kufa. Akahitimisha kwamba seli yenyewe ina kitu kinachopokea, na kwamba sumu zile mbili zinagombania kitu hichohicho. Elimu yote ya leo kuhusu vipokezi, na dawa nyingi zinazouzwa katika maduka yetu, vimetokana na wazo hilo. Kwa wasomaji wa vijijini tuongeze kwamba kitasa hichohicho cha msuli ndicho kinachozibwa na sumu ya baadhi ya swila, na ndiyo maana aliyeumwa hulegea hadi akashindwa kupumua.

Tofauti kati ya ufunguo wa asili na huu wa bandia ni kwamba kimeng'enya kile hakiwezi kuvunja nikotini. Ni lazima ini liishughulikie, na ini huchukua takriban saa 2 kupunguza nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu. Muda wote huo nikotini inazunguka na kugusa vitasa vya kila mahali. Kwenye tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, hivyo mapigo ya moyo huenda mbio na presha hupanda. Kwenye utumbo husababisha msokoto wa tumbo. Kwenye ubongo huamsha sehemu inayoongoza kutapika. Mama yetu wa alfajiri anaumwa kichwa, tumbo na moyo kwa wakati mmoja kwa sababu mlango wa aina moja umefunguliwa katika nyumba nyingi.

Kwa nini mvutaji haugui shambani

Wakulima wenyewe wameliona hili: mzee anayevuta huchuma siku nzima bila kutapika, na kijana asiyevuta huanguka. Wengine wamefikia uamuzi kwamba sigara ni kinga. Tunaomba kamati zisilicheke wazo hili, kwa sababu waliloliona ni la kweli. Kosa liko kwenye maelezo.

Kipokezi kinachoguswa na nikotini mara kwa mara huchoka na kuacha kuitikia. Ubongo nao, ukiona vipokezi vimechoka, huongeza idadi yake. Ubongo wa mvutaji wa siku nyingi una vipokezi vingi kuliko wa mtu asiyevuta. Nikotini ikiwepo vinatulia. Ikikosekana usiku kucha, vyote vinaamka na njaa, na mtu anaamka na hasira, hawezi kutulia wala kufikiri mpaka avute. Aidha, nikotini huchochea kumwagwa kwa dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili lirudiwe. Moshi wa sigara huifikisha nikotini kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 tu, na kasi hiyo ndiyo inayofunga mtu kamba. Kwa hiyo mvutaji amezoea sumu ya shambani kwa sababu anaishi nayo kila siku, na juu yake anabeba lami na kemikali za moshi zinazoleta saratani. Anayewashauri vijana wavute ili wahimili kazi ya kuchuma anawauzia deni.

Mimba, maziwa na mikono midogo

Hapa ndipo tungeomba kamati zisome polepole. Nikotini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Vipokezi hutokea kwenye ubongo wa mtoto mapema katika miezi ya mwanzo, na kazi yake wakati huo ni kuongoza jinsi seli za ubongo zinavyokua na kuungana. Ufunguo wa bandia ukifika wakati huo, unavuruga ujenzi ambao haujakamilika. Katika maziwa ya mama anayetumia tumbaku, kiasi cha nikotini huwa takriban mara 2 hadi 3 ya kile cha kwenye damu yake. Hata hivyo mama asiambiwe aache kunyonyesha. Maziwa yake bado ni bora. Kinachotakiwa ni aondolewe kwenye majani mabichi.

Kwa upande wa watoto hesabu ni rahisi. Mtoto ana uzito mdogo, hivyo kiasi kilekile cha nikotini kinamwelemea zaidi. Wengi wao hawajawahi kuvuta, hivyo mwili haujazoea. Tena ndio wanaopewa kazi ya kupokea majani na kuyafunga kwenye vijiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakataza kumtumia aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Wazazi wengi wanasikia habari za ajira ya watoto na kudhani inazungumziwa migodi ya dhahabu tu.

Malaria au tumbaku?

Mavuno ya Tabora huangukia katikati ya masika, takriban kati ya Januari na Aprili, wakati mbu nao wameongezeka. Ndiyo maana magonjwa haya mawili huchanganywa. Alama ya kwanza ya kuangalia ni homa: malaria kwa kawaida huleta homa, na ugonjwa wa tumbaku mbichi kwa kawaida hauleti homa kali. Ya pili ni muda. Sumu ya tumbaku huanza saa chache baada ya kugusa majani mabichi, hasa yenye maji, na mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili mtu akikaa mbali na shamba. Lakini hakuna anayepaswa kukisia. Mgonjwa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, na amwambie mganga wa zahanati waziwazi: nilikuwa nachuma tumbaku. Maneno hayo machache yanaweza kubadili matibabu.

Kuna jambo la tatu linalosahauliwa. Baadhi ya viuatilifu huzuia kimeng'enya kile kinachomvunja asetilikolini, hivyo mjumbe hujazana mlangoni. Dalili zake hufanana na za nikotini mwanzoni, kisha huja mate na jasho jingi, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa shida. Huyo akimbizwe hospitali mara moja, na chupa ya dawa iliyopulizwa ichukuliwe pamoja naye.

Yanayowezekana shambani

Nikotini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo umande, mvua na jasho ndivyo vinavyoihamisha kutoka kwenye jani hadi kwenye ngozi. Kusubiri majani yakauke kabla ya kuchuma kunapunguza sumu bila kulipa shilingi hata moja, ingawa tunajua kuwa bani lililowashwa halisubiri. Nguo za mikono mirefu husaidia zikiwa kavu. Zikilowa hugeuka kuwa kitambaa cha kubandika sumu mwilini, na lazima zibadilishwe. Glavu na koti la mvua hufaa zaidi, ila joto la saa sita huwafanya watu wavue. Tungependa kuona ndoo ya maji na sabuni kando ya kila bani kabla ya kununua kifaa chochote cha gharama.

Tena mkulima ajue kwamba nikotini hutengenezwa kwenye mizizi na kupanda hadi kwenye majani, na kwamba kukata maua kunaiongeza. Majani ya juu, yanayochumwa mwisho wakati watu wamechoka na tahadhari imepungua, ndiyo yenye sumu nyingi zaidi.

Wafadhili huuliza kwa nini mkulima asiache tumbaku. Jibu fupi ni mkopo. Chama cha msingi humpatia pembejeo za tumbaku na soko linalojulikana tangu mwanzo wa msimu; alizeti na mahindi mara nyingi havina mpango wa namna hiyo. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao kifungu chake cha 17 kinataka mkulima asaidiwe kupata zao mbadala na cha 18 kinataka afya yake ilindwe. Tabora inajulikana nchi nzima kwa asali, na miti ya miombo inayolisha nyuki ndiyo hiyohiyo inayochomwa kwenye mabani. Mradi wa mizinga usioambatana na mnunuzi wa uhakika hautamtoa mtu kwenye tumbaku, na hapo ndipo mchango wa mfadhili ungefanya kazi.

Maswali kwa kikao cha kamati kabla ya msimu

Katika vigango vyenu, nani huchuma majani ya juu, na nani hubeba mafungu kwapani? Je, ratiba ya mafundisho ya watoto na ya kwaya inawasaidia kukaa mbali na shamba wakati wa mavuno, au inawaacha huru asubuhi ileile ya kuchuma? Zahanati iliyo karibu nanyi humuuliza mgonjwa anayetapika kama ametoka kwenye tumbaku? Na ni kaya ngapi zinazohifadhi marobota ndani ya chumba anacholala mtoto?