Mwalimu wa Langoni

Mji wa Lamu una pande mbili, Mkomani na Langoni. Mkomani ndiko kwenye nyumba za mawe za waungwana wa zamani. Langoni walikaa zaidi wageni na watu wa hali ya chini. Katika karne ya 19 tofauti hiyo haikuwa ya nyumba tu. Elimu ya dini nayo ilihesabiwa kuwa mali ya waungwana.

Ndipo alipokuja kijana sharifu kutoka Ngazija, jina lake Saleh bin Alawi Jamalilleli, ambaye watu walimwita Habib Saleh. Alikuwa mwalimu, tena mganga. Akakaa Langoni, akaanza kuwafundisha dini watumwa na watoto wao. Yafaa kukumbuka kwamba utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Waungwana wengi walichukizwa, wala si ajabu, maana mtumwa ajuaye kusoma sheria hadanganyiki upesi. Hata matari aliyoyaruhusu katika kusoma maulidi yalilaumiwa.

Lakini wanafunzi walizidi. Kiasi cha mwaka 1900 msikiti wa Riyadha ulijengwa, na chuo chake kikavuta wanafunzi kutoka pwani yote.

Hata leo, kila Mfungo Sita, wageni wengi huja Lamu kwa maulidi, nao huzuru kaburi lake. Punda pia hushindanishwa mbio, kwa kuwa vichochoro vya mji ule ni vyembamba, na mizigo mingi ingali ikichukuliwa na punda.