Siku Nne kwa Baiskeli Juu ya Tuta la Reli: Namna ya Kuanza

Treni haiwezi mlima mkali. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo sana, na mwinuko ambao lori linaupanda bila shida unaweza kuikwamisha injini yenye mabehewa mengi. Ndiyo maana wajenzi wa reli walifuata mabonde ya mito, wakatoboa milima na kujaza makorongo kwa udongo ili njia ipande taratibu. Aliyesafiri kwa Reli ya Kati ya Tanzania anajua jinsi treni ikitoka Kilosa inavyoandamana na bonde la mto Mkondoa badala ya kukabiliana na milima. Reli ya namna hiyo ikiachwa na vyuma vyake kung'olewa, tuta hubaki. Juu ya tuta hilo hata mtu asiye mwanamichezo anaweza kuendesha baiskeli siku kadhaa mfululizo, mradi aanze vizuri.

Kwa msomaji anayeishi Marekani, au anayepanga kwenda kuwatembelea jamaa huko, njia ninayoipendekeza kwa safari ya kwanza ni Great Allegheny Passage. Ina urefu wa kilomita 240 hivi, kati ya jiji la Pittsburgh katika Pennsylvania na mji wa Cumberland katika Maryland. Upande wake wa kusini ulikuwa reli ya kampuni ya Western Maryland Railway, iliyofunguliwa mwaka 1912 na kuachwa mwaka 1975. Kipande cha kwanza cha njia ya baiskeli kilifunguliwa karibu na Ohiopyle mwaka 1986, na cha mwisho kikakamilika Pittsburgh mwaka 2013. Hakuna kiingilio.

Swali la kwanza ni uanzie wapi, na jibu lake linabadilisha safari nzima. Kilele cha njia kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji ya mvua hugawanyika: ya upande mmoja huishia Ghuba ya Meksiko, ya upande wa pili huenda Bahari ya Atlantiki. Kilele hicho hakiko katikati. Kutoka Cumberland ni kilomita 38 tu, kwa hiyo unapanda takriban mita 14 kwa kila kilomita, tena siku ya kwanza, miguu ikiwa bado haijazoea mzigo. Kutoka Pittsburgh unakifikia baada ya kilomita 200 na zaidi, na kwa wastani unapanda kama mita mbili na nusu tu kwa kilomita. Wapo wanaopenda kumaliza kazi ngumu mapema na kuanzia Cumberland. Mimi namshauri anayeanza atokee Pittsburgh, kwa sababu mwili unapata siku tatu za kuzoea, na sehemu kubwa ya siku ya mwisho ni mteremko.

Siku ya kwanza iwe fupi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu safari: asubuhi wana nguvu, njia ni tambarare, wanapitiliza hadi kilomita mia, na kesho yake magoti yanauma na hawawezi kukaa kwenye kiti. Mpango wa siku nne unaowezekana ni huu: Pittsburgh hadi West Newton, karibu kilomita 58, kisha Ohiopyle, 67, kisha Meyersdale, 64, na mwisho Cumberland, 51. Mwenye muda zaidi alale pia Confluence au Rockwood. Miji hii ni midogo na nyumba za wageni si nyingi, kwa hiyo weka nafasi kabla ya kuondoka, hasa kwa mwisho wa wiki wa Septemba na Oktoba, majani yanapobadilika rangi.

Baiskeli haihitaji kuwa ya bei kubwa. Ukishatoka kwenye lami ya jijini, sehemu kubwa ya njia ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, ambayo tairi nyembamba za mashindano huzamia yakilowa. Chukua tairi zenye upana wa milimita 35 au zaidi. Mpelekee fundi baiskeli yako wiki mbili kabla, si jana yake, na umwambie wazi kwamba itabeba mizigo. Akague hasa spoki za gurudumu la nyuma, kwa kuwa uzito mwingi unakaa huko, kisha breki na mnyororo. Mzigo ufungwe kwenye keria, katika mifuko miwili yenye uzito sawa kulia na kushoto. Begi la mgongoni huchosha mabega na kuongeza uzito juu ya kiti. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na vyuma vya kutolea tairi, na uwe umeshaziba pancha kwa mikono yako mwenyewe angalau mara moja nyumbani. Halafu, kabla ya safari, endesha kilomita 40 leo na 40 kesho ukiwa na mzigo wote. Siku ya pili ndiyo itakayokuonyesha kama kiti kiko kwenye urefu unaofaa.

Usiende kipindi cha baridi. Handaki la Big Savage, lenye urefu wa takriban kilomita moja, hufungwa kuanzia Desemba hivi hadi mwanzoni mwa Aprili, na ukilikuta limefungwa hakuna njia fupi ya kulizunguka. Hata wakati wa kiangazi ndani yake kuna ubaridi na unyevu, kwa hiyo weka koti jepesi mahali unapoweza kulifikia bila kufungua mizigo yote. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima. Handaki la Big Savage lina taa, ila si mahandaki yote yaliyo nazo. Ukienda mwishoni mwa Novemba utakuta wawindaji wa kulungu msituni. Vaa rangi ya chungwa inayoonekana kwa mbali.

Kati ya Connellsville na Ohiopyle kuna kilomita 27 za msitu na mto, bila duka, na mtandao wa simu hukatika. Jaza chupa zote Connellsville na uwaambie watu wako unatarajia kufika saa ngapi. Jioni kagua nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele, kwa maana kupe wa Pennsylvania hueneza ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta, mng'oe taratibu kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi.

Kabla tu ya kufika Meyersdale utavuka daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 580 hivi kutoka upande mmoja wa bonde la mto Casselman hadi mwingine. Simama hapo. Baada ya Meyersdale kinakuja kilele, kisha handaki, na kuanzia hapo baiskeli inajiendea yenyewe. Angalia tu mwendo, kwa sababu wapo wanaopanda kutoka Cumberland wakiwa wamechoka, wengine na watoto: kaa kulia, piga kengele kabla ya kumpita mtu. Kati ya Frostburg na Cumberland treni ya watalii bado inatumia reli iliyo kando yako na mnapita handaki moja nayo, kwa hiyo usivae visikilizio masikioni.

Kurudi Pittsburgh kuna treni ya Amtrak inayosimama Cumberland mara moja kwa siku. Nafasi ya baiskeli hukatiwa pamoja na tiketi yako na ni chache. Kata mapema, na kwa kuwa inaingia Pittsburgh karibu usiku wa manane, uwe na pa kulala. Ukiwa na siku nne zaidi, unaweza kuendelea kwa njia ya kando ya mfereji wa zamani wa C&O, kilomita 297 hadi Washington. Njia hiyo ni ya udongo kwa sehemu kubwa, na mvua ikinyesha inakuwa matope ya kukwamisha magurudumu. Ukifika Cumberland waulize waliotoka upande huo siku hiyo hali ikoje, ndipo uamue.