Lori la Mboga Likiteremka Mombo



Leo tutasoma habari za lori. Wengi wetu hatuna lori, lakini kabichi, karoti na viazi vyetu vyote husafiri kwa lori. Tena mara nyingi mwenye mzigo hupanda pamoja na mzigo wake. Basi inafaa tujue kazi za dereva na utingo wake.

Lushoto iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mombo iko chini, mita 400 hivi. Kati yake ni kilometa 32 hivi za kona, kupitia Soni. Maana yake lori lenye shehena linashuka kama mita 1,000 kabla ya kufika barabara kuu.

Asubuhi, kabla ya kupakia, utingo apime oili injini ikiwa baridi na lori likiwa mahali tambarare. (Hapa kwetu mahali tambarare ni pa kutafuta kweli!) Atazame maji ya rejeta, mkanda wa feni na matairi yote, la akiba pia. Kisha achungulie chini. Je, kuna mafuta ya breki yanayovuja karibu na gurudumu? Kama yapo, hakuna safari mpaka fundi aje. Kabichi ikilala siku moja bado ni kabichi.

Sasa mteremko. Sugua viganja vyako kwa nguvu. Unasikia joto? Breki nazo hufanya kazi kwa kusuguana. Dereva akizikanyaga muda wote, hupata moto mno na kuanza kunuka. Mwisho anakanyaga, lori haliitiki.

Dawa yake ni gia. Dereva mzuri huingiza gia ile ile ambayo angepandia mlima huo. Huiingiza kabla ya kuanza kushuka, maana katikati ya mteremko gia huweza kukataa kuingia. Injini hulizuia lori, na breki hukanyagwa kidogo kidogo na kuachiwa.

Wako madereva wanaoondoa gia, hata kuzima injini, eti wanaokoa dizeli. Hao wanacheza na roho za watu. Breki za malori mengi hupata nguvu kutoka kwa injini. Ukiizima, nguvu hiyo hupungua upesi. Ukiona hivyo sema, hata kama dereva ni mjomba wako.

Breki zikinuka, simameni mahali penye nafasi. Utingo aweke kabari au mawe kwenye magurudumu. Msimwagie breki maji! Chuma chenye moto kikipata maji baridi ghafla huweza kupasuka. Ngojeni zipoe zenyewe. Kifuniko cha rejeta nacho kisifunguliwe kingali moto, maana maji yanayochemka yataruka usoni. Wakati mnangoja, fungueni turubai ubavuni mboga zipate hewa. Chai ipikwe mbali na tangi la mafuta. Wala mtu asilale kivulini chini ya lori.

Mkiondoka, ondoeni mawe yenu barabarani. Mwenye pikipiki hayaoni usiku.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
1. Kwa nini gia iingizwe kabla ya mteremko?
2. Lori limetoka Lushoto saa 12 asubuhi, likafika Mombo saa 1 na nusu. Limetumia dakika ngapi?
3. Katika kijija chenu, nani hulikagua lori kabla ya kupakia?