JUMATANO: Mkataba Uliosainiwa Bila Kupatana

Soma 1 Samweli 11:1–3. Nahashi alikubali kufanya agano na watu wa Yabesh-Gileadi kwa sharti gani? Sharti hilo lilikusudiwa kuleta nini juu ya Israeli?

Nahashi hakukataa amani. Aliikubali, ila alitaka jicho la kuume la kila mtu. Agano la namna hiyo huacha kipofu upande mmoja na kisasi upande wa pili.

Historia ya karibu inatupa mfano ambao vikundi vyetu havina budi kuutazama kwa makini. Bunduki za Vita Kuu ya Kwanza zilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. (Huku kwetu habari zilichelewa, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.) Januari 1919 washindi walikutana Paris kutengeneza amani. Clemenceau alisimama kwa niaba ya Ufaransa, nchi iliyovamiwa na Wajerumani mara mbili katika miaka 50 na kuzika vijana zaidi ya milioni 1. Lloyd George wa Uingereza alikuwa ametoka tu katika uchaguzi ambao wapiga kura walitaka Ujerumani ilipe. Wilson wa Marekani alitaka Shirika la Mataifa. Tusiwahukumu haraka. Ni vigumu kumtaka mtu ambaye kaburi la mwanawe bado ni bichi azungumze kwa upole.

Lakini Ujerumani haikuitwa kwenye mazungumzo. Wajumbe wake walikabidhiwa masharti tarehe 7 Mei yakiwa yameshaandikwa, wakaruhusiwa kujibu kwa maandishi tu. Wakati huo wote meli za washindi ziliendelea kuzuia bandari zao, na watu walikuwa na njaa. Tarehe 28 Juni 1919 walitia saini katika Ukumbi wa Vioo, Versailles, ukumbi uleule ambamo Milki ya Ujerumani ilitangazwa mwaka 1871. Kifungu cha 231 kiliwataka wakubali kuwajibika kwa hasara zote za vita. Mwaka 1921 deni likatajwa: marki za dhahabu bilioni 132.

Mwaka 1940 Hitler aliagiza behewa lilelile la treni ambamo Wajerumani walisaini kusimamisha vita litolewe kwenye jumba la makumbusho. Ufaransa ikasaini kushindwa kwake ndani yake, mahali palepale. Aibu ilikuwa imetunzwa kwa miaka 21.

Soma 1 Wafalme 20:31–34, 42. Kwa nini agano la Ahabu na Ben-hadadi, lililokuwa jepesi, nalo lilikemewa?

Hapa wengi wetu hukosea. Husema Versailles ilikuwa kali mno, basi. Lakini Machi 1918 Ujerumani yenyewe iliibana Urusi kwa mkataba mzito zaidi huko Brest-Litovsk. Tena mkataba wa Versailles ulikosa wa kuusimamia: Baraza la Seneti la Marekani lilikataa kuuidhinisha, na Shirika la Mataifa likaanza bila nchi ya mtu aliyelibuni. Na kwa kuwa majeshi ya Ujerumani yalirudi nyumbani yakitoka katika nchi za watu, raia wengi waliamini kwamba hawakushindwa bali walisalitiwa. Pande mbili zilisaini karatasi moja, kila upande ukiwa na habari yake ya yaliyotokea. Yeremia 6:14 inazungumzia jeraha lililofunikwa kabla ya kuoshwa.

Wako pia ambao hawakuulizwa kabisa. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa wakibeba mizigo ya vita hiyo. Jina Kariakoo linatokana na kikosi chao. Paris iliamua Tanganyika iende kwa Waingereza na Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Wenyeji waliletewa habari tu.

Nimewahi kuketi katika kikao cha kupatanisha familia mbili za kanisa moja. Barua ya msamaha ilikuwa imechapwa tayari kabla mmoja wao hajaingia chumbani. Alisaini. Tuliomba, tukapeana mikono. Miaka kadhaa baadaye watoto wao walikuwa bado hawasalimiani.

Soma 2 Wafalme 6:21–23, kisha fungu la 24. Elisha aliwatendea nini mateka wa Shamu, na matokeo yalikuwa yapi?

Chakula kile kilizuia vikosi vya wavamizi. Hata hivyo fungu la 24 linatuonyesha Ben-hadadi akirudi na jeshi lake lote. Fadhili haimlazimishi mwingine. Ndiyo maana Paulo, katika Warumi 12:18, anaweka mpaka: upande wetu tu ndio tunaoweza kuujibu.

Soma Waefeso 2:14–16. Katika upatanisho huu, nani alikosewa, na nani aliyelipa gharama?

Swali la kujadili: Fikiria ugomvi mmoja ulio hai katika familia au kanisa lenu, bila kutaja majina. Nani bado hajaketi mezani? Ni jambo gani ambalo kila upande unalisimulia tofauti, na nani anaweza kwenda kulisikiliza kabla ya Sabato ijayo?