Kabla Hujakata Tiketi ya Natron

Leo nina barua ya mdogo wetu aliyekulia chini ya mkanda wa baba wa kambo. Sasa anajitegemea, ana akiba kidogo, na anataka kwenda peke yake Ziwa Natron apande Ol Doinyo Lengai, "nikayamalize huko." Anauliza: "Dada, niende?"

Nenda, mdogo wangu, ila ujue unachokifuata. Lengai ni volkano hai, mita 2,962, na hupandwa usiku kulikwepa jua. Majivu yanateleza, unaona pale tu tochi inapomulika, na hakuna wa kupiga naye soga maana pumzi yenyewe haitoshi. Uliyoyafukia kwa kazi na kelele za mjini huibuka hapohapo. Faida ya kwenda mbali ni hiyo, na hatari yake ni hiyohiyo.

Mwandishi wa Marekani, Cheryl Strayed, aliishi utotoni na baba mpigaji, kisha mama yake akafariki mwaka 1991. Mwaka 1995 alitembea peke yake kilomita zipatazo 1,770 kwenye njia ya Pacific Crest. Kitabu chake, Wild, kilitoka mwaka 2012. Kutembea kulichukua kiangazi kimoja. Hadi kitabu kutoka, ilipita miaka 17. Kwa hiyo usiudai mlima muujiza wa usiku mmoja.

Kabla ya kuondoka, mweleze mtu mmoja habari yako yote: shangazi unayemwamini, au mshauri nasaha hospitalini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama siku hizi hulali au unatamani kufa, safari isubiri, hospitali kwanza. Ukienda, chukua mwongoza wageni, na rafiki ajue siku ya kurudi. Ukishashuka, usimpigie baba wa kambo siku hiyohiyo. Utakuwa umechoka, una njaa, na maneno yamejaa kooni. Lala, kula, rudi kwako, ndipo uamue kama anastahili hata hiyo simu.

Lakini kuna mstari umeuandika kama wa kupita tu: mdogo wako wa darasa la tano bado yuko kwenye nyumba ile. Wewe una nauli ya kuondoka, yeye hana. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, Tanzania hata Kenya. Piga leo. Natron haihami.